Kutunza mazingira chuoni: makala, udongo na miti ya miombo kuzunguka Lubumbashi

0. Utangulizi

Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu kutoka pande mbalimbali za dunia walikutana katika mji mdogo wa Talloires, nchini Ufaransa, wakatia sahihi tamko lililosema kwamba chuo kikuu hakina budi kufundisha utunzaji wa mazingira, na pia kuutenda ndani ya uwanja wake chenyewe. Miaka miwili baadaye mataifa yalikutana Rio de Janeiro kuzungumzia jambo hilo hilo kwa upana wa dunia nzima. Tangu hapo yametoka maandishi mengi ya kuvielekeza vyuo: punguzeni umeme, pigeni chapa pande zote mbili za karatasi, endesheni baiskeli. Mashauri hayo si mabaya. Lakini msomaji wa Lubumbashi akiyasoma hutambua upesi kwamba hayakuandikwa kwa ajili ya jumuiya ambayo umeme wake hukatika bila kupunguzwa na mtu, ambayo karatasi yake ni haba tangu mwanzo, na ambayo chakula chake cha jioni hupikwa kwa makala.

Kwa hiyo tunakusudia hapa kuanza kutoka upande mwingine. Tutaeleza kwanza hali ya mambo matatu yanayoizunguka jumuiya ya chuo kikuu katika mji wetu, yaani mwitu wa miombo, makala yatokayo humo, na udongo uliopokea moshi wa shaba kwa miaka mingi. Kisha tutaonyesha kazi ambazo walimu na wanafunzi wanaweza kuzifanya kwa mikono na elimu waliyo nayo, bila kungoja fedha za mbali.

Msomaji wa Tanzania au Kenya ataona ajabu kwamba tunaandika makala juu ya makala. Kwake yeye makala ni andiko, neno lililotoka katika Kiarabu, na kitu cha kupikia anakiita mkaa. Kwetu Kongo makala ni kitu cha kupikia. Wala tusidhani kwamba neno letu ni upotovu wa Kiswahili. Kaa la moto, ambalo wingi wake ni makaa, na makala yetu ni ndugu wa tumbo moja: shina lao la Kibantu lilikuwa na konsonanti katikati, Kiswahili cha pwani kikaiangusha, nasi pamoja na majirani wetu wa Kilingala na Kikongo tumeihifadhi kwa sauti ya l. Katika ukurasa huu, basi, kila tutakaposema makala bila maelezo zaidi, msomaji afikirie gunia lililosimama kando ya barabara.

1. Neno «mazingira»

Jina hili limetokana na kitenzi kuzingira, yaani kuzunguka kitu pande zote. Mazingira ni vile vinavyotuzunguka. Ubora wa neno hilo ni kwamba halitengi pori na mji: mfereji ulioziba nyuma ya bweni ni mazingira sawasawa na mwitu wenye nyani. Udhaifu wake ni kwamba linamweka mtu katikati, kana kwamba miti na mito imekuja kumzunguka yeye. Wenyeji wa vijiji vya pembeni hawatumii neno hilo mara nyingi. Husema pori, udongo, maji, mvua, na kila kimoja kina sheria zake.

«Endelevu» ni neno jipya zaidi, lililoundwa kutokana na kuendelea. Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayotimiza haja za watu wa sasa bila kuwapunguzia watu wa baadaye uwezo wa kutimiza zao. Mwalimu anayetaka kulifundisha wazo hilo katika Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Mkulima wa Katanga aliyekuwa akilima kipande cha mwitu miaka michache, akakiacha, na kurudi hapo baada ya miaka mingi miti ilipokwisha kukua tena, alikuwa akiishi kwa kanuni hiyo. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi watu ni wengi, mji umekuwa mkubwa, na kipande hakipewi tena miaka ya kupumzika.

2. Mwitu wa miombo na gunia la makala

Lubumbashi umejengwa tangu mwaka 1910 juu ya uwanda wenye urefu wa mita 1200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili, ikifuatwa na kiangazi kirefu. Katika hali hiyo hustawi mwitu ambao wataalamu wa dunia nzima wanauita kwa neno la kwetu: muombo, wingi wake miombo, neno la Kibemba na la lugha za jirani lililo jina la miti ya jamii ya Brachystegia. Pamoja na miombo humo kuna mutobo (Isoberlinia angolensis), mubanga (Pericopsis angolensis) wenye mti mgumu usioliwa na mchwa, mulombwa (Pterocarpus angolensis), mupundu (Parinari curatellifolia) na musuku (Uapaca kirkiana), ambao matunda yake tunayajua sote tangu utoto. Mwitu huu hauna giza kama ule wa Kisangani. Jua hupenya mpaka chini, majani marefu huota kati ya miti, na kwa sababu hiyo moto hupita humo karibu kila mwaka.

Mwitu huo umelisha mji kwa njia nyingi: uyoga, viwavi, asali, dawa, miti ya kujengea, kuni za kuchoma matofali. François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya mwitu huu, na wanafunzi wetu wangefaa kukisoma hata kabla ya vitabu vya nadharia. Lakini mzigo mkubwa kuliko yote leo ni makala.

Yatengenezwaje? Mchomaji huikata miti, huipasua vipande, huipanga katika rundo, huifunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto na kuulinda siku nyingi ili miti iive bila kuteketea. Hewa ikiingia mno, kinachobaki ni majivu. Kwa tanuru ya udongo ya namna hii, kilo 100 za miti mikavu huzaa kwa kawaida kilo 10 hadi 20 za makala. Tofauti kati ya 10 na 20 hutokana na ukavu wa miti, ufundi wa kupanga na uangalifu wa usiku. Iko tanuru iliyorekebishwa, inayojulikana kwa jina la Casamance, sehemu ya kusini mwa Senegali, ambayo ina bomba la kutolea moshi lililoundwa kwa mapipa ya chuma. Hiyo huzaa zaidi, lakini humtaka mchomaji awe na bomba na akaushe miti kwanza. Mtu asiye na haki yoyote juu ya shamba la miti, anayeogopa kukutwa na wakaguzi au na mwenye ardhi, hawezi kungoja miti ikauke. Ndiyo maana twasema kwamba upotevu wa miti ndani ya tanuru una mzizi katika sheria za ardhi kuliko katika ujinga wa mchomaji.

Tufanye hesabu ndogo kwa mfano tu. Tuseme nyumba moja huunguza kilo 3 za makala kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 1095. Ikiwa tanuru ilizaa kilo 15 kwa kila kilo 100, basi miti iliyokatwa kwa ajili ya nyumba hiyo ilikuwa kilo 7300, yaani zaidi ya tani 7 za miti mikavu. Mbabula ya bati tunayoitumia hupoteza joto kwa ubavu wake mwembamba, ukiugusa utajua. Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, mafundi walianza kuuza jiko la bati lenye utando wa udongo uliochomwa ndani yake, na jiko hilo hupunguza makala kwa theluthi moja au zaidi. Nyumba yetu ya mfano ikipata jiko la namna hiyo, kilo 3 zitakuwa 2, na tani 7 zitapungua zikaribie 5. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa katika sufuria yenye kifuniko hupunguza tena, bila gharama yoyote. Haya ni mambo ya jikoni, na baadhi ya wenzetu huona haya kuyazungumza katika ukumbi wa chuo. Hatuoni sababu ya haya hiyo.

Kuna kinyume cha kustaajabisha katika mkoa wetu. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na mwaka 1982 waya mkubwa kutoka Inga ulifika Kolwezi baada ya kuivuka karibu nchi nzima. Umeme huo ulikusudiwa viwanda vya shaba. Vijiji vingi vilivyo chini ya waya hizo vinachoma makala.

3. Je, mwitu hurudi?

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, na jibu lake ni la kutia moyo kwa masharti. Miti ya miombo ikikatwa huchipua tena kutoka visiki na mizizi. Mche uliozaliwa na mbegu, kinyume chake, huenda polepole sana: miaka ya kwanza hujenga mzizi chini, na kile kilicho juu hukauka au kuungua kila kiangazi kisha huota upya. Kwa hiyo mahali palipokatwa miti, pakaachwa bila kulimwa na bila moto mkali, mwitu hurudi wenyewe kutoka visiki. Palipolimwa kwa majembe ya kung'oa visiki, au panapopita moto wa mwisho wa kiangazi kila mwaka, haurudi.

Jambo la moto lilithibitishwa na majaribio ya muda mrefu karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, yaliyoanza mwaka 1933. Vipande vya mwitu viligawanywa: vingine vilichomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu; vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu; vingine vililindwa visiungue kabisa. Pale moto ulipochelewa kila mwaka, miti ilipungua mpaka pakawa mahali pa majani. Pale ulipowahi, mwitu ulidumu. Pale ulipozuiwa, vichaka viliongezeka na mwitu ukawa mnene zaidi. Tunakumbusha matokeo hayo kwa sababu kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, moshi hujaa mjini nasi tunauhesabu kuwa sehemu ya majira, kana kwamba ulitumwa na mbingu.

Kitu cha pili hakionekani kwa macho. Brachystegia, Julbernardia, Isoberlinia na Uapaca huishi kwa ushirika na viumbe vya jamii ya uyoga vilivyofunika ncha za mizizi yao. Uyoga huupa mti maji na madini, mti huupa uyoga sukari. Wamama wanaouza uyoga wa mwituni kando ya barabara mnamo Desemba na Januari wanauza, kwa sehemu kubwa, matunda ya ushirika huo. Miti ikiondoka na uyoga wa namna hiyo huondoka. Hasara hiyo haimo katika bei ya gunia la makala.

Kwa yule anayetaka kuona mwitu uliolindwa, eneo la Mikembo, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, lina kipande cha hekta 10 ambamo watafiti wa Chuo Kikuu chetu na wenzao wamepima mti mmoja mmoja.

Wengine watauliza kwa nini tusipande tu miti ya kigeni inayokua haraka. Inawezekana, nayo imefanyika. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa mashariki wa Kinshasa, zilipandwa hekta zipatazo 8000 za Acacia auriculiformis kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kisha familia za wakulima zikapewa mashamba ya hekta 25 kila moja. Hulima mihogo na mahindi kati ya miti michanga, hufuga nyuki, na baada ya miaka kadhaa hukata na kuchoma makala, kisha mbegu zilizolala udongoni huota tena. Mampu yafundisha kwamba makala yaweza kuwa zao kama mahindi. Lakini tukumbuke kwamba pale Bateke palikuwa na majani na mchanga. Hakuna mwitu uliofyekwa ili kuipisha akasia. Katika Katanga ya miombo, kung'oa visiki hai ili kupanda mikaratusi ni kutupa mali iliyokwisha kuwamo ardhini.

4. Udongo uliolishwa shaba

Mwaka 1911 tanuru za shaba za Lubumbashi ziliwashwa. Kwa muda wa miaka themanini hivi moshi wao ulibeba gesi ya kiberiti na vumbi la shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimiamu. Katika kiangazi upepo wetu huvuma kutoka kusini-mashariki, basi moshi ulielekea kaskazini-magharibi, na upande huo, katika mtaa wa Penga-Penga, udongo ulibaki mtupu: miti ilikufa, mvua ikachukua tabaka ya juu, na hata baada ya moshi kupungua mimea mingi haikuweza kurudi. Kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, ambacho mgeni hukiona kabla ya kuuona mji wenyewe, kimekuwa kikichimbwa upya tangu miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti iliyomo.

Elimu ya mimea ya shaba ni miongoni mwa mambo ambayo Katanga imeifundisha dunia. Juu ya vilima vyenye madini hukua mimea isiyopatikana kwingineko, inayostahimili sumu ambayo ingeua mihogo. Haumaniastrum katangense, unaoitwa ua la shaba, hupenda pia mahali ambapo mafundi wa kale walikuwa na tanuru zao za kuyeyushia mawe ya kijani. Wataalamu wa mambo ya kale wameufuata ua huo wakapata mabaki ya kazi yao. Watafiti wa Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamejaribu kuitumia mimea ya namna hiyo, hasa majani mafupi ya jamii ya Microchloa, ili kuufunika udongo wa Penga-Penga usipeperuke. Jaribio hilo halitoi sumu. Linaifungia mahali pake. Chokaa na samadi hupunguza sehemu ya shaba ambayo mizizi yaweza kuinywa, na bila chokaa na samadi hata majani hayo hushika kwa shida.

Jambo hili linatuhusu kwa njia ya meza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wale wa Leuven walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita kiasi kinachotazamiwa kwa watu wasiofanya kazi ya madini, na watoto walizidi watu wazima. Vumbi, maji na mboga ndizo njia. Sasa, kila bonde lenye maji katika mji wetu lina bustani za lengalenga, matembele na kabichi, na bustani hizo huwapatia wamama wengi fedha za kusomesha watoto, wakiwemo wanafunzi wetu wenyewe. Kuwaambia waache kulima ni ukatili usio na faida. Kuwaambia ni bustani ipi ina udongo salama, mboga gani hukusanya madini zaidi (mboga za majani kwa kawaida huzidi mahindi na matunda), na kwamba kuosha majani kwa maji safi huondoa vumbi lililo juu yake lakini haliondoi kile kilichoingia ndani, hiyo ni kazi ya chuo kikuu. Vifaa vya kupimia udongo vimo mikononi mwa wanasayansi wetu. Lugha ya kuyaeleza matokeo imo mikononi mwetu sisi wa Kiswahili. Karatasi ya maabara iliyoandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu, ikikabidhiwa mama wa bustani, hugeuka kuwa karatasi ya kufungia karanga.

Neno moja juu ya vichuguu, kwa sababu vinasawazishwa kila siku ili kupata viwanja. Vichuguu vikubwa vya Macrotermes falciger, ambavyo huweza kufikia mita kadhaa kwenda juu, ni ghala la udongo wa mfinyanzi wenye chokaa nyingi kuliko udongo unaovizunguka. Wakulima huutawanya shambani na mafundi hufyatulia matofali. Vipimo vya kaboni vilivyotolewa mwaka 2015 vilionyesha kwamba baadhi ya vichuguu vya karibu na Lubumbashi vimesimama zaidi ya miaka 2000. Chuo kinachojivunia jengo la miaka 60 kingeweza kuweka kibao mbele ya kichuguu kimoja, na kukiacha.

5. Yanayoweza kufanywa chuoni

Kikwazo cha kwanza ni cha historia. Mtu akitaja kazi ya pamoja ya usafi, wazee wetu hukumbuka «salongo» ya miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Mobutu, ambapo watu walilazimishwa kufyeka na kufagia kwa jina la taifa, na aliyekosa aliadhibiwa. Salongo iliacha fundisho baya, kwamba kutunza mahali pa wote ni adhabu. Wanafunzi wa leo hawakuiona, lakini wameirithi chuki yake. Basi kazi yoyote tunayoipendekeza sharti iwe ya hiari, na iwe na faida ambayo mwenye kuifanya anaiona: alama ya somo, mada ya tasnifu, mboga, au akiba ya fedha ya makala.

Kwa mtazamo wetu kazi ya kuanzia ni kupima. Wanafunzi wa bweni moja wanaweza kupima kwa mizani, kila asubuhi kwa muda wa majuma manne, makala wanayoyatumia, wakiandika idadi ya watu waliokula na chakula kilichopikwa. Nusu yao wapewe jiko lenye utando wa udongo. Hakuna chombo cha thamani kinachohitajika, na matokeo yake yatakuwa ya kwetu, si ya kuazimwa Nairobi. Wenye kusoma uchumi watahesabu fedha. Wenye kusoma kilimo watageuza kilo kuwa hekta. Wenye kusoma sheria watafuata safari ya gunia kutoka porini hadi bwenini na kuhesabu kila kodi, halali na isiyo halali, iliyolipwa njiani. Kupiga marufuku makala ndani ya uwanja wa chuo, kama wengine wanavyopenda kupendekeza, kabla ya kuwa na umeme au gesi ya kupikia, ni kuwafundisha wanafunzi kuficha mbabula chini ya kitanda. Na moshi wa makala katika chumba kilichofungwa huua.

Wasomi wa lugha wana kazi yao pia. Mchomaji makala huijua miti kwa majina, na hubagua kwa uangalifu ule unaotoa makala mazito na ule unaorusha cheche. Majina hayo ni ya Kibemba, Kisanga, Kilamba na Kiluba, na katika Kiswahili cha mji yanachanganyika: jina moja hubeba miti miwili, na mti mmoja majina matatu. Bila orodha iliyohakikishwa pamoja na wataalamu wa mimea, mtafiti anayeuliza «mnakata miti gani?» atapata majibu asiyoweza kuyatumia. Inafaa majina yakusanywe pamoja na tawi, jani na tunda, katika majira mawili, kutoka kwa wazee wa vijiji zaidi ya kimoja. Kazi hiyo ni ya haraka. Mti ukitoweka mahali, jina lake hudumu kwa kizazi kimoja, likawa methali, kisha likawa sauti tu.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Agizo la tarehe 2 Agosti 2014 linaruhusu jumuiya za vijiji kupewa mwitu wao wenyewe wa kusimamia, hadi hekta 50 000. Agizo hili la pili lingeweza kumpa mchomaji ule muda wa kukausha miti tuliousema. Lakini linadai ramani, orodha ya miti na mpango wa usimamizi, vitu ambavyo kijiji hakiwezi kuvitengeneza peke yake, na ambavyo kundi la wanafunzi wa jiografia, kilimo na sheria laweza kuvitengeneza katika likizo moja chini ya mwalimu. Kuhusu mifuko ya plastiki, agizo la Desemba 2017 lilikwisha kuikataza kutengenezwa na kuuzwa. Kila mwenye macho ajionee kwenye mifereji. Mabaki ya chakula, ambayo ni sehemu nzito ya takataka za bweni, yaweza kuozeshwa yakawa mbolea kwa kuyapanga pamoja na majani makavu na kuyageuza. Na katika udongo wenye shaba mbolea hiyo ina thamani mara mbili kwa sababu tuliyoieleza.

Inabaki kazi ya miti. Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanza, mwaka 1977, kuwashirikisha wanawake wa vijijini katika upandaji wa miti, na baada ya miaka 27 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mara nyingi tunaukumbuka upandaji tukisahau kwamba wale wanawake waliendesha vitalu vyao wenyewe na kulipwa kwa kila mche uliopona. Kwetu, siku ya kupanda miti huisha kwa picha, na miche hufa mnamo Julai. Tunashauri mpango ufuatao badala yake. Mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni, majani yakiwa bado mabichi kwa chini, kundi la wanafunzi pamoja na wenyeji lichome kwa zamu ukanda mwembamba kuzunguka kipande cha pori kilichochaguliwa, ili moto wa Septemba usiingie. Ndani ya kipande hicho, katika kila kisiki, chipukizi zichambuliwe zibaki mbili au tatu zenye nguvu, na zilizokatwa zitumike kama kuni. Mnamo Agosti na Septemba maganda ya miombo hukauka na kupasuka kwa kishindo, yakitupa mbegu mbali. Yakusanywe siku chache kabla ya hapo, na mbegu zipandwe kitaluni bila kuchelewa, kwa kuwa hazikai sana. Udongo wa kitalu uchanganywe na konzi chache zilizochotwa chini ya muombo mzima, maana humo ndimo mnamokaa ule uyoga wa mizizi, na mche usioupata hudumaa. Udongo huo hauuzwi dukani. Hupatikana chini ya miti mikubwa michache iliyobaki kando ya majengo yetu, ambayo kila mwaka mtu fulani huomba ruhusa ya kuikata ili kupanua maegesho ya magari.